Vinoo vya asili kwenye kisu na wembe: Coticule, Arkansas na mawe ya Kyoto

Kinoo cha kiwandani huja na namba: 1000, 3000, 8000. Ukisoma namba hiyo unajua chembe zilizomo zina ukubwa gani, kwa sababu zilichekechwa kabla ya kufungwa pamoja. Kinoo kilichokatwa mlimani hakijachekechwa na mtu. Ukikuta Coticule, jiwe la Ubelgiji, imeandikwa "8000", au jiwe la Kyoto limeandikwa "10000", hilo ni kadirio la muuzaji, basi. Jiwe hilohilo hukata kwa kasi likiwa na uji mzito juu yake (unga wa jiwe uliochanganyika na maji), na hulainisha makali polepole sana likiwa na maji matupu. Hiyo ndiyo sababu watu wanayapenda mawe haya, na ndiyo sababu wengine wanayarudisha dukani wakilalamika kwamba hayafanyi kazi.

Kabla ya kuyalinganisha, jambo moja litakuokolea pesa: usinunue jiwe la asili kama kinoo chako cha kwanza. Kisu kilichomeguka, au wembe uliolala kabatini miaka kumi, unahitaji kinoo cha kiwandani cha namba 1000 au bamba la almasi. Kazi ya kutengeneza mteremko wa makali kuanzia sifuri itakula jiwe lako la asili, itakula muda wako, na mwisho utalilaumu jiwe bure. Vinoo vya asili ni vya hatua za mwisho. Huko ndiko vinakoshinda, kwa sababu makali yanayotoka humo ni laini kwenye ngozi ya mnyolewaji, na kwenye kisu cha jikoni bado yanabaki na ukwaruzo kidogo unaoshika ganda la nyanya.

Coticule

Jiwe la njano kama siagi, kutoka milima ya Ardennes, Ubelgiji, maeneo ya Vielsalm na Lierneux. Ndani yake mna punje za ganeti zilizotapakaa kwenye ulanga laini sana. Punje hizo si ndogo, nyingi ni za mikroni 5 hadi 20. Kwa ukubwa huo jiwe lilipaswa kuacha mikwaruzo mirefu, lakini ganeti ina nyuso nyingi na iko karibu na umbo la mpira, kwa hiyo huchuna chuma kwa kina kifupi. Msumeno na tufe havikwaruzi sawa hata vikiwa na upana mmoja. Ndiyo maana ukubwa wa chembe peke yake haukuambii lolote kuhusu jiwe hili.

Tabaka la njano ni jembamba na jepesi kuvunjika, hivyo vipande vingi hubandikwa juu ya sleti. Vichache hutoka mlimani vikiwa vimeshikana na jiwe la bluu-zambarau lililolala pembeni yake. Vinauzwa ghali zaidi, ila havinoi vizuri zaidi. Unalipia sura na uhakika kwamba gundi haitaachia. Wauzaji hupanga pia madaraja, la kawaida na la kuchaguliwa, na tofauti kubwa ni mistari na madoa. Doa ambalo halisikiki chini ya ukucha halina madhara. Vipande visivyo na umbo la mstatili ni bei nafuu kuliko vyote, na kwa wembe vinatosha kabisa mradi kuna urefu wa milimita 120 hivi na upana wa 35.

Utamu wa Coticule uko kwenye uji. Pamoja na jiwe kubwa unapewa au unanunua kijiwe kidogo cha aina hiyohiyo. Dondosha matone manne au matano ya maji, sugua kijiwe kwa miduara mpaka juu kukae kitu cheupe chenye uzito wa maziwa. Ganeti zilizong'oka sasa zinaviringika huru na kukata. Kwa wembe wa kukunja mwendo wenyewe ni huu. Laza wembe, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kidole kimoja juu ya bapa bila kukandamiza. Vuta na kusukuma mara 30 upande mmoja, mara 30 upande wa pili. Uji utageuka kijivu, halafu karibu mweusi. Huo ni unga wa chuma, na ni dalili njema. Endelea hivyo mpaka wembe unyoe nywele za mkono kwenye urefu wake wote: kisigino, katikati, ncha. Ikiwa ncha hainyoi, usisonge mbele. Hakuna hatua inayofuata itakayoirekebisha.

Baada ya hapo ndipo panapowashinda wengi. Uji mzito una kikomo chake cha ukali, kwa sababu makali yenyewe yanapopasua uji huo yanagongana na ganeti na kupoteza ncha kidogo. Dawa ni kuupunguza taratibu: tone moja au mawili, mapigo 15 kamili, tone tena, mapigo 15 tena, mpaka baada ya raundi kama kumi na mbili uwe unapita juu ya maji yanayokaribia kuwa safi. Suuza jiwe na wembe. Maliza kwa mapigo 50 juu ya maji matupu, uzito ukiwa wa wembe wenyewe tu, kisha mapigo 60 kwenye ukanda wa ngozi.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kupunguza uji kwa pupa. Ukiruka kutoka maziwa hadi maji kwa mkupuo, mikwaruzo ya hatua ya uji inabaki, na jiwe kwenye maji linakata kidogo mno kiasi kwamba huwezi kuiondoa hata ukikaa saa nzima. La pili ni kuacha uji ukauke katikati ya kazi. Ukikauka unakuwa mzito, nawe unarudi nyuma huku ukidhani unaendelea. Uweke usiwe mkavu hata mara moja. Wembe ukigoma kunyoa vizuri mwishoni, usirudi mwanzo. Tengeneza uji mwepesi kama maji ya mchele na uanzie hapo.

Kwa anayeshindwa kabisa kuna njia ya mkato isiyo na aibu. Fanya hatua ya uji kama kawaida, kisha bandika tabaka moja la utepe wa umeme kwenye mgongo wa wembe, piga mapigo 30 kwenye uji mwepesi na 30 kwenye maji. Utepe unainua pembe kidogo, jiwe linafanya kazi kwenye ukingo mwembamba sana wa makali, na matokeo yanakuja upesi. Ila ukianza na utepe, utaendelea na utepe kila unaponoa.

Lile jiwe la bluu linalopatikana pamoja na Coticule huuzwa peke yake pia. Lina ganeti chache zaidi, linakata polepole, na ni bei ya chini kwa vipande vikubwa. Kwa wembe silipendekezi. Kwa kisu cha jikoni cha chuma cha kaboni, baada ya namba 1000, uji mwepesi na mapigo 20 kila upande yanatosha; katika mawe yote yaliyotajwa hapa, hili ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa pesa inayolipwa.

Arkansas

Haya hayana uhusiano wowote na hilo la juu. Yanachimbwa milima ya Ouachita, karibu na mji wa Hot Springs, jimbo la Arkansas, Marekani. Jina la mwamba ni novakulaiti: kwatzi karibu tupu, fuwele ndogo mno zilizofumwa pamoja. Uchimbaji ni mkongwe, kwani wenyeji wa asili wa eneo hilo waliuchonga mwamba huu kuwa ncha za mishale na mikuki karne nyingi kabla ya kuwapo kwa maduka ya vinoo.

Wauzaji huyagawa kwa majina: laini, gumu, na la mwisho ambalo huitwa jeusi au la kupitisha mwanga. Rangi isikudanganye; mpangilio halisi ni wa uzito kwa ujazo. Jiwe laini lina nafasi nyingi kati ya fuwele, kwa hiyo ni jepesi zaidi na linakata haraka. Lile la mwisho limebana karibu sawa na kioo. Ukilimulika kwa tochi ukingoni unaona mwanga ukipenya, na huo ni mtihani mzuri wa kufanya dukani.

Arkansas haiachii chembe na haitengenezi uji. Kinachokata ni sura ya uso wake, kwa hiyo jiwe moja linaweza kuwa mawili. Upande mmoja utie makwaruzo kwa unga wa silikoni kabidi namba 120, na wa pili uusage mpaka namba 600 kisha uuache ujing'arishe kwa matumizi. Upande wa kwanza unakata, wa pili unamalizia. Watu wanaonunua mawe mawili mara nyingi walihitaji moja.

Lawama ya kawaida ni "jiwe langu lilikuwa likikata mwezi wa kwanza, sasa halikati". Jibu ni kwamba uso umeng'aa. Ncha za fuwele zimesagika na pengine vinyweleo vimejaa unga wa chuma. Osha kwa sabuni na brashi ngumu, halafu nyunyiza kijiko cha unga wa silikoni kabidi kwenye kioo kinene, tia maji, sugua kwa dakika kumi. Usilisawazishe kwa bamba la almasi: kwatzi iliyobana namna hii huvua almasi kwenye bamba, na bamba ndilo litakalokufa kwanza. Jiwe la kupitisha mwanga lililotoka kiwandani likiwa na alama za msumeno linaweza kukuchukua saa kadhaa kulisawazisha. Hesabu muda huo unapolinganisha bei.

Mafuta au maji? Yote mawili yanafanya kazi. Mafuta yawe ya madini, mepesi, yale ya cherehani kwa mfano. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, yanagandamana kwenye jiwe kama utomvu. Maji yenye tone la sabuni ya vyombo ni rahisi zaidi kusafisha. Kinachohitajika ni kimiminika cha kuelea na ule unga wa chuma ili usizame kwenye jiwe. Ukimaliza, futa palepale.

Kwa kisu cha jikoni cha chuma kisichoshika kutu chenye ugumu wa 56 hadi 58 kwenye kipimo cha Rockwell, Arkansas laini ni rafiki wa kweli. Shika digrii 15 hadi 20 kila upande, noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba unyuzi wa chuma uliojikunja upande wa pili, urefu wote wa kisu. Geuza, rudia. Sasa uondoe unyuzi kwa mapigo mepesi ya kupokezana, moja kulia moja kushoto, mapigo kumi, halafu hamia jiwe gumu. Kisu kinachokata karatasi leo na kesho kikawa butu, mara nyingi kiliachwa na unyuzi huo. Ulikatika kwenye ubao wa kukatia na makali ya kweli hayakuwahi kuwepo.

Mawe ya Kyoto

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ni mawe ya tope laini la sakafu ya bahari ya kale lililogeuka mwamba wa matabaka, yakatolewa kwenye migodi ya milima inayozunguka Kyoto, Japani: Nakayama, Ohira, Ozuku, Shobudani na mingineyo. Migodi mingi imefungwa, kwa hiyo kinachouzwa kwa sehemu kubwa ni akiba ya zamani. Jina la Nakayama peke yake hupandisha bei mara kadhaa, na muhuri wa wino unaweza kupigwa na yeyote mwenye muhuri. Nunua tabia ya jiwe, usinunue muhuri.

Tabia inayohesabika kwanza ni ugumu, ambao wauzaji makini huupanga kuanzia 1 hadi 5. Kwa wembe tafuta 5, jiwe gumu lisiloachia uji wake. Kwa kisu tafuta 2 au 3. Kosa ambalo wanunuzi wapya wanafanya ni kununua jiwe gumu sana kwa ajili ya kisu chenye mteremko mpana. Chuma laini cha ubavuni kinanata, kinakwaruzika, na mtu anadhani jiwe ni bovu. Jiwe laini zaidi huachia uji wake lenyewe na kubeba uzito wa mteremko.

Visu vya Kijapani vya vyuma viwili vilivyounganishwa, chuma kigumu katikati na chuma laini ubavuni, ndivyo vinavyoonyesha jiwe hili linafanya nini. Ukimaliza, chuma laini kinabaki na ukungu wa kijivu usio na mng'ao, na chuma cha makali kinang'aa kama kioo kando yake. Mpaka kati ya viwili unaonekana wazi kama mstari wa wino. Kinoo cha kiwandani mara nyingi hung'arisha vyote sawasawa na kuufuta mpaka huo. Ikiwa visu vyako ni vya chuma kimoja kisichoshika kutu, uzuri huo hutauona. Ningekushauri ubaki na Arkansas.

Kwa wembe, jiwe gumu hutumiwa na vijiwe vya nagura kutoka Mikawa, kwa mpangilio wa kupungua ukwaruzo: Botan, Tenjo, Mejiro, Koma. Kila kijiwe hutengeneza uji wa daraja lake juu ya jiwe lilelile. Tengeneza uji, noa mpaka ugeuke mweusi na mwembamba, suuza, chukua kinachofuata. Mwisho tengeneza uji kidogo kwa kipande cha jiwe lenyewe. Nagura halisi zenye mihuri ni ghali. Kipande kidogo cha bamba la almasi na uvumilivu vinakufikisha karibu na hapohapo.

Haya ni mawe ya matabaka, na tabaka likinywa maji linaweza kuachana na jingine. Paka vanishi au laka pande nne na chini, acha uso wa kunolea tu. Usiloweke kwenye beseni, nyunyizia. Likaushe kivulini.

Thuringia, kwa ufupi

Sleti za kijani na bluu kutoka Thuringia, Ujerumani, zilinoa nyembe za vinyozi kwa vizazi kadhaa, na zile zenye lebo ya kampuni ya Escher ya Sonneberg zinatafutwa na wakusanyaji. Zinamalizia wembe vizuri mno, kwa upole ambao Coticule inafikia kwa kazi zaidi. Lakini soko ni la mitumba, lebo inalipiwa kuliko jiwe, na sleti yoyote ya kijani siku hizi inapewa jina hilo. Ukiikuta moja bila lebo kwa bei ya kawaida, chukua. Vinginevyo iache.

Chuma ambacho haya mawe hayakiwezi

Kwatzi na ganeti zina ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha Mohs. Vyuma vya kisasa vinavyotengenezwa kwa unga wa chuma, kama S30V na S90V, vimejaa punje za kabidi ya vanadiamu ambazo ni ngumu kuliko kwatzi kwa mbali. Jiwe la asili litachuna chuma kinachozunguka punje hizo na kuziacha punje zenyewe bila kuguswa, mpaka zing'oke. Makali yanang'aa lakini hayakati. Kwa visu hivyo tumia almasi, mwanzo hadi mwisho. Chuma cha kaboni, vyuma vya kawaida visivyoshika kutu, na karibu nyembe zote za zamani hazina tatizo hilo.

Likifika mikononi

Piga jiwe kwa ukucha ukilining'iniza kwa vidole viwili. Likilia kama kengele ni zima, sauti iliyofifia ni ufa au gundi iliyoachia. Lilowanishe na utazame likikauka, kwa sababu ufa hukauka mwisho, na unaonekana kama uzi mweusi. Kisha pitisha kisu cha bei rahisi juu ya uso wote ukisikiliza; mahali panapotoa mkwaruzo pana punje ngeni, na mahali hapo patakula makali ya wembe. Mstari wa aina hiyo kwenye ukingo unaweza kuchongwa. Katikati ya jiwe ni sababu ya kulirudisha.

Hata jipya lisawazishe. Chora miraba kwa penseli juu ya uso, sugua kwenye msasa wa maji namba 220 hadi 400 uliolazwa juu ya kioo, mpaka penseli ifutike yote. Ikibaki katikati, jiwe lina bonde, na wembe juu ya bonde unanolewa kisigino na ncha bila tumbo. Chonga pia kingo nne kwa digrii 45, upana wa milimita 2. Ukingo mkali wa jiwe humegua makali ya wembe kwa pigo moja. Arkansas isawazishwe kwa unga, si msasa, la sivyo utamaliza bunda zima.

Fanya haya yote kwenye maji, daima. Vumbi kavu la kwatzi halionekani likielea hewani na likiingia kwenye mapafu halitoki. Uji uliobaki ufute kwa kitambaa kibichi kabla haujakauka, na kitambaa hicho usikikung'ute, kisuuze.